Kutoa rangi kwenye plastiki za pikipiki: msasa, spiriti, mafuta ya breki, kostiki au thina?

Pikipiki yangu niliinunua ikiwa imeshatumika, na mwenye nayo wa kwanza alikuwa ameyapaka makava ya pembeni njano. Kwa brashi, tena rangi ya mafuta, ileile ya mageti. Kwenye kadi imeandikwa nyekundu. Ukikwangua ile njano kwa ukucha unaiona nyekundu ya kiwandani bado ipo chini, imetulia.

Nikachukua kava moja hadi kwa fundi rangi wa mtaani. "Bosi, acha hapa. Thina inatoa kila kitu," akaniambia. Nikakaa kwenye benchi nikisubiri. Hakunidanganya. Thina ilitoa njano, ikatoa nyekundu, halafu ikaanza kutoa na plastiki yenyewe. Kitambaa kikawa kinanata, uso wa kava ukawa kama pipi iliyolambwa, na alama za vidole vyake zipo pale mpaka leo.

Kava la pili nilikaa nalo nyumbani, na lilitoka vizuri. Nimekuwa nikifanya kazi hii kwa makava yangu na ya jamaa zangu tangu hapo, kwa hiyo ninayoyalinganisha hapa mengi nimeyashika kwa mikono, na mengine yamenigharimu.

Tatizo la plastiki ni hili. Rangi ikishakauka nayo ni plastiki, nyembamba, iliyolala juu ya plastiki nene. Kwenye tenki la bati unaweza kumwaga chochote, kwa sababu thina na bati hawajuani. Kwenye kava, dawa inayoitambua rangi huenda ikalitambua na kava. Ndiyo maana mtu akiniuliza "dawa gani inatoa rangi?" huwa namwambia kwanza aligeuze kava.

Geuza kava usome

Kwa ndani, mahali ambapo rangi haikufika, viwandani huwa wanagonga herufi kati ya vimshale viwili: >PP<, >ABS<, >PA66-GF30< na kadhalika. PP ni polipropilini, plastiki ya ndoo na vizibo, na mara nyingi ndiyo ya madigadi meusi yasiyong'aa. ABS ndiyo hutengeneza makava mengi yanayong'aa, yale yaliyopakwa rangi kiwandani. PA ni nailoni, na GF30 maana yake imechanganywa na nyuzi za kioo asilimia 30 ili iwe ngumu. Nailoni ninayoisema si ile mifuko ya Rambo iliyopigwa marufuku Tanzania mwaka 2019. Ile tuliita nailoni kwa mazoea tu, ilikuwa polithini. Nailoni yenyewe utaikuta kwenye sehemu zinazobeba nguvu au joto, kwa mfano kwenye feni ya rejeta au mishikio.

Kama herufi zimefutika, kata kipande chembamba kama kucha sehemu isiyoonekana, hakikisha hakina rangi, kisha kitumbukize kwenye glasi ya maji yenye tone la sabuni ya vyombo. Sabuni ni ya kuondoa vipovu vya hewa vinavyodanganya. Kikielea ni PP. Kikizama, koroga gramu 150 za chumvi kwenye lita moja ya maji ujaribu tena: ABS itapanda juu, nailoni itabaki chini. Kuna PP iliyotiwa unga wa mawe ambayo nayo huzama kwenye maji matupu, kwa hiyo namalizia kwa tone la asetoni kwa ndani, kwenye kona. Hesabu hadi kumi, gusa kwa kijiti. Ikinata ni ABS. PP na nailoni zitakuangalia tu.

Hapo ndipo jamaa yangu mmoja alipoteleza. Aliona video ya Mmarekani akisugua fremu ya bastola ya plastiki kwa asetoni, rangi ikabanduka yote na fremu ikabaki kama mpya. Akasema, kama haikudhuru bastola, kava la pikipiki litadhurikaje? Bastola nyingi za namna hiyo, tangu Glock ilipoingia jeshi la Austria miaka ya 1980, fremu zake ni za jamii ya nailoni, na nailoni haijali asetoni. Kava lake lilikuwa ABS. Lilikunjamana kabla hajamaliza kusugua.

(Na kama una silaha ya aina hiyo kihalali na inahitaji kazi kama hii, toa magazini, hakikisha chemba ni tupu, kisha ipeleke kwa fundi mwenye leseni. Kibati cha namba ya usajili hakiguswi kwa dawa wala kwa msasa. Namba ikififia, una kesi.)

Halafu itazame rangi

Rangi unazokutana nazo mtaani ni tatu. Ya kopo la kupuliza, ambayo ukiisugua kwa pamba yenye spiriti kali pamba inabeba rangi. Ya mafuta, nene, yenye mistari ya brashi, inayokubali ukucha. Na ya hadina, yaani ile fundi anayochanganya na dawa ya kukazia kabla ya kupuliza. Hii ni ngumu, inang'aa, ukucha hauingii na spiriti haiibabaishi. Rangi ya kiwandani nayo ihesabu humohumo kwenye kundi la ugumu.

Kwa ufupi, hivi ndivyo plastiki zinavyopokea kila njia:

| Njia | PP | ABS | Nailoni |
|---|---|---|---|
| Maji ya moto na kukwangua | Nzuri sana | Inasaidia kidogo | Inasaidia kidogo |
| Msasa wa maji | Unaacha manyoya | Nzuri | Inafanya kazi, unaua vipele vya uso |
| Spiriti, isopropili | Salama | Salama kwa muda mfupi | Salama kwa muda mfupi |
| Mafuta ya breki | Salama | Hatari ya nyufa | Salama |
| Kostiki baridi, gramu 50 kwa lita | Salama | Salama | Salama kwa saa chache |
| Asetoni | Salama | Inayeyusha | Salama |
| Thina, petroli | Vinaivimbisha | Vinaiharibu | Huvumilia |
| Dawa ya kopo ya kutoa rangi | Usitumie | Usitumie | Usitumie |

Maji ya moto na kadi ya simu

Nimeianza kwa sababu ni ya bure, na kwa madigadi ya PP mara nyingi huhitaji nyingine. Rangi haipendi PP. Bila praima maalumu ya plastiki, yaani rangi ya kwanza ya kushikishia, haishiki, imekaa tu juu kama ngozi. Mwagia maji ya moto, si yanayotokota, kisha ingiza kona ya kadi ya plastiki chini ya rangi iliyokwisha kuanza kupasuka na usukume. Inatoka vipande vipande. Mabaki yapeleke pale wanapoosha magari kwa mashine ya presha, mwambie kijana asogeze mdomo wa mpira taratibu.

Usitumie kisu wala bisibisi. PP ni laini, na mkwaruzo wa kisu hautoki.

Spiriti na isopropili

Spiriti ya duka la dawa nyingi ni asilimia 70, iliyobaki ni maji, na kwa rangi ni dhaifu. Mafundi simu wanatumia isopropili ya asilimia 99 kusafishia bodi. Hiyo ndiyo ya kutafuta, na Kariakoo haikosekani. Inaamsha rangi ya kopo la kupuliza bila kuigusa ABS, ilimradi usiiloweke usiku kucha. Kosa la wengi ni kupaka na kusugua hapohapo. Isopropili hukauka kabla haijafanya kazi. Lowesha kitambaa, kilaze juu ya rangi, funika kwa plastiki ya kufunikia chakula, subiri dakika 20, ndipo usugue kwa mswaki wa zamani. Rudia.

Inawaka moto kirahisi. Ifanye kivulini, nje, na jiko la mkaa liwe mbali, si pale mama watoto anapokaanga maandazi. Kwa rangi ya hadina usipoteze hela yako.

Mafuta ya breki

Hii ndiyo njia inayosifiwa kuliko zote, na sifa zake ni za kweli nusu. Mafuta ya breki ya DOT 3 na DOT 4 yametengenezwa kwa glaikoli, na kila fundi anajua yakidondokea tenki usipoyafuta haraka rangi inavimba kama imeungua. Hayanuki sana, hayakauki, na yanaoshwa kwa maji na sabuni. Kwenye PP na nailoni unapaka kwa brashi, unafunika, unaacha saa kadhaa, rangi inakunjamana yenyewe. (DOT 5 achana nayo. Hiyo ni ya silikoni na haifanyi lolote kwa rangi.)

Shida ni ABS. Mafuta haya hayaiyeyushi kama thina, ndiyo maana watu wanasema ni salama. Yanaingia mahali ambapo plastiki imekazwa: masikio ya skrubu, kona, sehemu za kubana. Kava linatoka safi, unalifunga, unakaza skrubu, na wiki ya pili sikio linakatika. Anayekusifia njia hii alitazama kava likiwa mezani. Mimi nililitazama baada ya barabara ya vumbi. Kama huna namna nyingine, lilaze kava bila kulikunja wala kulifunga mahali, paka mbali na masikio, na usipitishe nusu saa kabla ya kuosha.

Jambo jingine ni kwamba ni sumu mtu akiyanywa. Usiyaweke kwenye chupa ya soda, na usimwage mtaroni.

Kostiki

Hii sijaona ikisemwa sana, na ndiyo iliyookoa kava langu la pili. Kostiki soda, ileile ya watengeneza sabuni, ina uadui maalumu na rangi ya mafuta. Rangi ya mafuta imetokana na mafuta kweli, na kostiki ikikutana na mafuta inafanya kazi yake ya siku zote, inayageuza sabuni. Unaiosha rangi kama povu. PP na ABS hazina shida nayo ikiwa baridi na nyepesi.

Nilifanya hivi. Beseni la plastiki, maji ya baridi kwanza, kisha gramu 50 kwa kila lita, nikimimina kostiki ndani ya maji kidogo kidogo. Kinyume chake, yaani maji juu ya kostiki, ni kutafuta mlipuko wa mvuke usoni. Maji yalipata joto yenyewe, nikasubiri yapoe. Nikatumbukiza kava asubuhi. Saa sita mchana njano ilikuwa imeanza kuteleza chini ya brashi, laini kama ute wa bamia, na maji yamekuwa rangi ya chai ya maziwa. Sehemu nene nilizirudisha hadi alasiri. Nyekundu ya kiwandani ilipauka kidogo kwenye kona mbili, lakini ilibaki.

Masharti ni makali. Glavu za mpira ndefu na miwani inayofunga pembeni, si miwani ya jua. Ikikuingia jicho, maji mengi yanayotiririka kwa dakika 20 mfululizo halafu hospitali. Usijaribu kuizima kwa siki au limau. Usitumie sufuria, kwa sababu sufuria zetu ni alumini, na kostiki inaila alumini huku ikitoa gesi inayowaka. Kwa hiyo bandua kwanza nembo za alumini, na ondoa taa na vioo: plastiki ya lenzi nyingi ni polikaboneti, nayo haiwezi kostiki. Watoto wasiwe karibu na beseni hata kwa dakika moja.

Kwa rangi ya kopo la kupuliza matokeo yake ni ya kubahatisha. Kwa hadina ni bure.

Msasa

Kama rangi ni ya hadina na plastiki ni ABS, umebaki na mkono wako. Msasa wa maji, anza na namba 400, hamia 600, malizia na 800. Loweka msasa kabla, weka tone la sabuni kwenye ndoo, sugua kwa mduara mwepesi na ufute kila mara uone umefika wapi. Praima ya kijivu ikianza kuonekana, punguza nguvu. Plastiki ikionekana, acha.

Usiusugue ukavu. Rangi za njano na nyekundu za zamani nyingi zilitengenezwa kwa madini ya risasi, na hiyo risasi ikiwa vumbi haihitaji bunduki kukudhuru. Maji yanalikamata vumbi. Maji hayo machafu yaache yatuame, mimina ya juu, tope lifunge kwenye mfuko na takataka. Barakoa bado vaa.

Msasa haufai kwenye plastiki yenye vipele vya kiwandani, kama madigadi meusi au mishikio. Vipele vikiondoka havirudi, na hakuna rangi itakayoficha lile bapa linalong'aa katikati. Huko ni brashi na dawa ya maji, uvumilivu, na tena brashi.

Thina, asetoni, petroli

Thina ni mchanganyiko, na kopo la duka hili si la duka lile. Ndiyo maana mtu mmoja atakwambia yeye hutumia kila siku na hapati tatizo. Kwenye bati, sawa. Kwenye ABS hapana, hata kwa kitambaa chenye unyevu tu. Asetoni kwenye PP na nailoni inakubalika, kwa kupangusa, nje ya nyumba. Mvuke wake hushika moto hata siku ya baridi kali. Petroli sina la kuisemea zuri. Inapasua ABS, inavimbisha PP, na chanzo chochote cha cheche kinatosha. Wanaoitumia wanaitumia kwa sababu ipo kwenye tenki.

Dawa ya kopo ya kutoa rangi, ile nzito kama jeli inayochoma ukiishika, nyingi zimetengenezwa kwa methilini kloraidi. Ni nzuri kwa chuma. Kwenye plastiki inatafuna, na kwa binadamu ni mbaya zaidi: ukiivuta, mwili unaigeuza kaboni monoksaidi, gesi ileile ya jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa. Marekani walizuia kuuzwa kwake kwa watu wa kawaida kwa kazi ya kutoa rangi mwaka 2019. Hita ya kupuliza hewa moto nayo iwekwe kwenye fungu hilohilo la kutotumia. ABS inalegea karibu na nyuzi 100, na hita ya fundi inapita hapo mara tano.

Mimi ningechagua hivi

Madigadi ya PP, rangi yoyote: maji ya moto na kadi, ikigoma mafuta ya breki. Kava la ABS lenye rangi ya mafuta: kostiki. Kava la ABS lenye rangi ya kopo la kupuliza: isopropili. Kava la ABS lenye hadina: msasa, au acha kabisa. Nailoni: isopropili kwanza, asetoni ikibidi.

Hilo la kuacha kabisa nalisema kwa dhati. Kama nia yako ni kupaka upya, na rangi iliyopo imeshika vizuri, huna haja ya kuitoa. Kwangua mng'ao kwa msasa namba 600, osha, pulizia juu yake. Rangi ya zamani iliyoshika ni praima nzuri kuliko utakayonunua. Kuitoa yote ni kwa rangi inayobanduka, au iliyorundikana tabaka juu ya tabaka, au kwa mtu kama mimi anayetaka cha chini yake.

Njia yoyote utakayotumia, ijaribu kwa ndani kwanza, eneo la ukubwa wa sarafu, uiache saa nzima halafu ukunje kidogo uone kama kuna mistari myeupe. Mistari myeupe ni mwanzo wa nyufa. Ukimaliza, osha kwa sabuni ya vyombo mara mbili, suuza, kausha siku nzima kivulini. Mabaki ya mafuta ya breki hasa ni msumbufu: rangi mpya inayakimbia na kuacha vitundu.

Kava lililoharibiwa na thina sikulitupa. Nililikatakata vipande vidogo, nikavitia kwenye kichupa cha kioo chenye asetoni, vikayeyuka usiku mmoja vikawa uji mzito mwekundu. Huo uji ndio gundi ya ABS. Mwezi uliopita sikio la skrubu la kava la pili lilikatika barabarani. Nikalipaka uji huo pande mbili, nikalibana kwa uzi wa mpira, asubuhi nikafunga skrubu.